Tusipime kwa Pishi Mbili



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, Aliyetuumba kutokana na baba mmoja na mama mmoja, kisha akatufanya mataifa na makabila ili tujuane. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, swalla Allahu alayhi wa sallam, jamaa zake, sahaba zake na kila aliyeifuata njia yake hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wa Kikwajuni na nyinyi mliokuja kusali nasi kutoka Miembeni, Kisiwandui na Mji Mkongwe: nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nataka tuutazame ucha Mungu huo katika jambo moja, nalo ni namna tunavyowachukulia watu walio wachache mbele yetu, wasiofanana na sisi kwa dini, kwa asili au kwa mahali walikotoka.

Jambo hili liko midomoni mwa watu siku hizi kwa sababu ya habari za Ulaya. Nyumba nyingi za mtaa huu zina mtu wao Uingereza, Denmark au Ujerumani. Mtoto akipiga simu, mama humwuliza kwanza kama yuko salama, ndipo amwulize habari za kazi. Na mama ana sababu ya kuuliza.

Tarehe 29 Novemba 2009 watu wa Uswisi walipiga kura kuamua kama Waislamu wa nchi ile waruhusiwe kujenga minara ya misikiti. Nchi nzima ilikuwa na minara minne tu. Asilimia 57.5 ya waliopiga kura wakasema isijengwe mingine, na katazo likaingizwa katika katiba. Ufaransa ilizuia hijabu katika skuli za serikali mwaka 2004, na mwaka 2023 ikazuia na abaya. Ujerumani kuna chama kilichoandika katika ilani yake ya 2016 kwamba Uislamu si sehemu ya nchi ile. Februari 2025 chama hicho kilipata asilimia 20.8 ya kura za taifa na kushika nafasi ya pili, na katika majimbo ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki kikaongoza.

Na mnakumbuka ya Southport, Uingereza. Tarehe 29 Julai 2024 kijana mmoja aliingia mahali watoto walipokuwa wakijifunza dansi, akawaua kwa kisu wasichana wadogo watatu. Ni msiba unaomliza kila mzazi, awe wa dini gani. Lakini kabla wazazi wale hawajawazika watoto wao, simu zilikwisha kupitisha jina la uongo, kwamba muuaji ni Muislamu, mkimbizi aliyeingia kwa boti. Jioni ya siku ya pili kundi la watu likaushambulia msikiti wa mji ule kwa matofali na chupa, na ndani mna watu. Ukweli ulipodhihiri, muuaji alikuwa amezaliwa Cardiff, humo humo Uingereza, na lile jina lililotembea halikuwa lake. Hata hivyo fujo zilienea mji baada ya mji, mpaka wakajaribu kuchoma moto hoteli waliyowekwa waomba hifadhi. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Southport yamefanyika yale yale tuliyoonywa.

Tukiyasikia haya tunaumia, na tuna haki ya kuumia. Waislamu ni mwili mmoja. Lakini sikupanda hapa leo kuwalaani Wazungu. Wao hawapo hapa kunisikiliza. Mliopo ni nyinyi, na nimo mimi.

Mnaijua Suratul Mutaffifin. Mola wetu anawatishia adhabu wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kipimo kijae, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Anayepunja mchele pale Darajani aya hiyo inamhusu. Lakini haki nayo hupimwa, na heshima hupimwa, na huruma hupimwa. Basi tujiulize sote: pishi ile tunayotaka ijae mpaka imwagike kwa mtoto wetu aliyeko Leicester, Uingereza, ndiyo hiyo hiyo tunayompimia mtu wa watu aliyeko Kikwajuni? Au tunazo pishi mbili, kubwa ya kupokelea na ndogo ya kutolea? Wazee wetu walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Dhulma ikitupata sisi tunaiita dhulma. Ikimpata mwengine kwa mikono yetu tunaitafutia jina zuri.

Ndugu zangu, tuna mambo ya kujivunia, na shukurani ni ibada. Mtu akija Unguja kwa bahari huiona mapema ile minara ya kanisa la Wakatoliki pale Shangani. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, mji ukiwa wa Waislamu na Sultani wake Muislamu. Wazee wetu hawakuitisha kura ya kuikataa minara ile. Walilipa kanisa lile jina, wakaliita Minara Miwili, na mpaka leo tunaelekezana njia kwa jina hilo. Ile ndiyo tafsiri waliyoifahamu ya Suratul Hajj, aya ya 40, pale Mwenyezi Mungu anapoyataja mahekalu ya watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa yote ni nyumba ambazo jina Lake linatajwa na ambazo Yeye huzikinga zisibomolewe.

Na hapa kwetu Kikwajuni tunayaona kila siku majumba ya ghorofa ya Wajerumani. Walikuja mafundi na wahandisi kutoka Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, wageni, wachache, wasiokuwa wa dini yetu. Wakajenga, wakasaidia, watu wetu wakakaa katika nyumba zile na watoto wao wakakulia humo. Leo katika majimbo walikotoka mafundi wale ndiko chama cha kuwakataa wageni kinakopata kura nyingi kuliko vyama vyote. Je, damu yao imebadilika? Hapana. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990 viwanda vingi vya upande ule vilifungwa, kazi zikapotea, vijana wakahama, wazee wakabaki na miji inayopungua watu. Mtu akiwa na khofu na uchungu, akija mwanasiasa akamwonesha kwa kidole, "yule ndiye aliyekufanyia haya," humwamini upesi. Chuki hulishwa. Na kila jamii inaweza kulishwa ikala, hata jamii iliyowahi kuwakarimu na kuwasaidia wengine.

Nasema kila jamii kwa sababu na sisi tulilishwa, tukala.

Wazee waliopo hapa wanajua ninachotaka kukisema. Kwanza ulikuwapo utumwa katika visiwa hivi, na hiyo ni dhulma ambayo hakuna Muislamu mwenye ruhusa ya kuipamba. Kisha wakoloni wa Kiingereza wakatugawa kwa asili. Viti vya Baraza la Kutunga Sheria vilitolewa kwa asili ya mtu. Katika Vita Vikuu vya Pili hata mgao wa chakula ulifuata asili, na mchele ukawa na wenyewe. Mji Mkongwe ulikuwa upande mmoja wa hori, sisi Ng'ambo upande wa pili. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na waliodai haki zao walikuwa na haki ya kudai.

Lakini tangu uchaguzi wa 1957 siasa iliuchukua uchungu ule ikaufanya petroli. Huku wakaambiwa watu kwamba wanaotoka bara ni wageni wasio na ustaarabu, wanakuja kuiharibu dini. Kule wakaambiwa kwamba kila mwenye asili ya Uarabuni ni mwenye kuuza watumwa, hata kama ni muuza duka maskini aliyezaliwa shamba na hajawahi kuiona Oman. Magazeti ya pande zote mbili yaliandika maneno ambayo mtu akiyasoma leo anaona haya. Wenye mashamba wakawafukuza kwa sababu ya chama wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao. Wakulima na wafuasi wa upande wao wakasusia maduka ya Waarabu. Mwisho watu wakasusiana maziko. Muislamu anakufa, na jirani yake, waliyekuwa wakisimama bega kwa bega katika safu moja, anabaki ndani kwake wala halifuati jeneza, kwa kuwa marehemu alikuwa wa chama kile. Kumsindikiza maiti ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Ikavunjwa haki hiyo kwa ajili ya kura.

Hayakuishia kwenye maneno. Tarehe 1 Juni 1961, siku ya uchaguzi, zikazuka ghasia ambazo kabla ya kwisha zilichukua roho za watu 68, wengi wao Waarabu waliokuwa wakiishi mashamba. Januari 1964, katika Mapinduzi, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, wakafa maelfu. Waliobaki hai wengi wakapakia walichoweza wakaondoka, wengine kwenda Oman, wengine Mombasa, wengine Uingereza. Wangazija waliozaliwa hapa na babu zao wakazikwa hapa wakaambiwa si raia. Mwaka 1970 mabinti wanne wenye asili ya Kiajemi wakaozwa kwa nguvu, na hali dini yetu haimwozi mwanamke bila ridhaa yake.

Tazameni basi tulichojikatia wenyewe. Sheikh Ahmed bin Sumeyt, bahari ya elimu aliyekuwa kadhi wa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija na baba yake asili yake ni Hadhramaut. Leo tungemwita mgeni. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mtoto wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka 1969 imo katika nyumba zetu, aliondoka hapa katika miaka ile akaenda kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mauti yakamkuta Oman mwaka 1982. Nchi inayowapima watu kwa asili zao huwapoteza hata wanavyuoni wake.

Siyasemi haya kwa ajili ya kufukua makaburi, wala kumpa mtu silaha ya kumchoma mwenziwe. Kila ukoo hapa una kilio chake cha wakati ule, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayehukumu baina yetu. Nayasema kwa sababu kijana wa miaka ishirini anayetazama habari za Ulaya kwenye simu yake anadhani ugonjwa huu ni wa Wazungu. Si wa Wazungu. Ni ugonjwa wa nafsi ya mwanadamu, na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliukuta kwa sahaba zake mwenyewe akautibu palepale.

Katika safari ya vita vya Banu Mustaliq mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga mtu katika Ansari. Ikawa huyu anawaita Ansari wenziwe na yule anawaita Muhajirina wenziwe, nusura watu washikane. Mtume akatoka akauliza, imekuwaje mwito wa kijahilia? Akawaambia wauache, kwani unanuka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sasa zingatieni. Majina yenyewe hayakuwa na kosa. Muhajirina na Ansari ni majina matukufu, Mwenyezi Mungu ameyasifu ndani ya Kitabu chake. Lakini jina tukufu likigeuzwa kuwa mwito wa kukusanya watu upande mmoja, bila kuuliza nani mwenye haki na nani mwenye kosa, linanuka. Ikiwa jina la Muhajirina au la Ansari linaweza kunuka, basi Mzanzibari na Mbara je? Muunguja na Mpemba je? Mwafrika, Mwarabu, Mshirazi, Mhindi je?

Na Abu Dharr, radhiyallahu anhu, mmoja wa wakweli wakubwa wa umma huu, alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume alimwambia kwamba ndani yake bado umo ujahilia. Abu Dharr! Alisilimu mapema, akavumilia mateso ya Makka, na bado neno moja la kudharau asili ya mtu lilistahiki karipio kali namna ile. Sisi tunayatoa mangapi kwa siku moja barazani?

Tufike basi kwenye barza zetu. Kuna kijana amekuja kutoka bara kutafuta riziki. Anauza chipsi, au anajenga, au ni Mmasai anauza makubadhi ufukweni. Tunamwita kwa jina lake au kwa yale majina ya kumkejeli? Kuna binti anatufanyia kazi za ndani, ametoka mkoa wa mbali, ni Mkristo. Jumapili tunampa nafasi ya kwenda kusali, au tunamkumbuka tu siku ya kumkata mshahara? Kuna mtu anatafuta chumba cha kupanga, anazo pesa mkononi, mwenye nyumba anauliza jina lake, akisikia jina anasema chumba kimeshachukuliwa. Mtoto wetu akifanyiwa hivyo London tunasema ni ubaguzi, na kweli ni ubaguzi. Je, ukifanyika Kikwajuni unakuwa kitu gani?

Na tumeshafika pabaya zaidi ya hapo, si zamani. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto katika kisiwa hiki. Novemba mwaka ule Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Tarehe 17 Februari 2013, asubuhi ya Jumapili, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa anakwenda kuongoza ibada. Mwaka 2016, katika sherehe za Mapinduzi, likapitishwa bango la kuwakataa machotara, watu wakalilaani, na chama kilichohusika kikaomba radhi. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini bango haliandikwi na upepo. Limeandikwa na mtu aliyelelewa katika nyumba fulani, na katika nyumba hiyo alisikia maneno.

Mtu atasema: Sheikh, kwani hatuna haki ya kuilinda nchi yetu? Tunayo. Visiwa hivi ni vidogo, sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na ardhi haiongezeki. Vijana wetu wanaziona kazi za mahoteli ya Nungwi na Paje zikienda kwa wengine. Wageni wengine wanapita mitaani wakiwa hawajajistiri mbele ya watoto wetu. Haya ni maswali ya haki, na mahali pake pa kuyauliza panajulikana: kwa sheha, kwa waajiri, mahkamani, katika Baraza la Wawakilishi. Mtume aliipenda Makka, na siku ya kuhama aliiaga kwa uchungu. Kupenda kwenu si dhambi. Dhambi inaanza pale unapoacha kuidai sera ukaanza kumwonea mtu, ukamchukulia maskini aliyekuja kufanya kibarua kwa makosa ya mkubwa aliyetia saini mkataba. Suratul Maida, aya ya 8, imefunga mlango huo: kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kuacha uadilifu, kwani uadilifu ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Aya haikusema tusubiri mpaka tuwapende. Tunaamrishwa kuwafanyia haki hata kama nyoyo zetu hazijatulia nao.

Ndugu zangu, katika hizo hizo habari za Ulaya zimo na zinazotufundisha. Usiku wa tarehe 19 Juni 2017, mwezi wa Ramadhani, watu wametoka kwenye tarawehe Finsbury Park, London. Mtu mmoja aliyejazwa chuki akawavamia kwa gari. Akafariki Makram Ali, na wengine wakajeruhiwa. Watu wenye hasira wakamzunguka muuaji, yuko chini, hana pa kukimbilia. Imamu Mohammed Mahmoud akasimama na wenziwe wachache, wakamkinga mtu yule asiguswe, mpaka polisi wakaja wakamchukua. Alipelekwa mahkamani akafungwa maisha. Fikirini wakati ule mwenyewe: damu ya ndugu yako iko barabarani, na wewe unamkinga aliyeimwaga, kwa sababu hukumu ina mahali pake. Ile ndiyo aya ya 8 ya Suratul Maida ikitembea kwa miguu.

Na kule Southport, asubuhi baada ya msikiti kushambuliwa, majirani wasiokuwa Waislamu walikuja na mafagio, saruji na matofali, wakafagia vioo, wakaujenga upya ukuta uliobomolewa. Siku chache baadaye Liverpool, watu walikusanyika kuupigia kelele msikiti wa Abdullah Quilliam. Imamu Adam Kelwick akatoka nje na wenziwe wakiwa na chakula, akawapa wale waliokuja kumtukana, akazungumza nao, na wengine wakakumbatiana naye. Wachache wakafanya ihsani, na katika wengi wakatoka waadilifu. Basi tusiseme Ulaya yote ni adui. Suratul Mumtahana, aya ya 8, inatwambia kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Na sisi, watu wa upande huu wa dunia, tuna amana maalumu katika jambo hili. Wakimbizi wa mwanzo katika Uislamu walikimbilia wapi? Walivuka bahari wakaja Afrika Mashariki, Habasha, mwaka wa tano wa utume. Walikuwa wachache, maskini, dini yao mpya, lugha yao ngeni. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Mfalme Najashi alikuwa Mkristo. Angeweza kuzipokea zawadi, akawatoa. Akasema hawatoi mpaka awasikilize. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza dini yake, akasoma katika Suratu Maryam, mfalme akalia, akawarudisha wajumbe na zawadi zao. Alipofariki, Mtume wetu alimsalia kutoka Madina. Ikiwa Mkristo wa Habasha aliwajazia pishi Waislamu wachache waliokimbilia kwake, itakuwa aibu gani kwa Muislamu wa Unguja kumpunja Mkristo wa Dodoma aliyekuja kufanya kazi kwake?

Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tumewahi kubisha hodi kwa watu. Baada ya mauaji ya Januari 2001 katika visiwa hivi ndugu zetu zaidi ya elfu mbili, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari wakaingia Shimoni, Kenya, wakapokewa. Uganda nako, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na maelfu wakafika Uingereza mikono mitupu. Baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo gazetini Uganda kuwasihi wasiende kwao. Walikwenda, wakafanya kazi, na leo ni miongoni mwa walioujenga mji ule. Anayefukuzwa hapa leo ni mgeni wa mtu kesho, na anayefukuza leo hajui kesho atasimama mlango gani.

Tufanye nini, basi? Nakuusieni mambo machache.

La kwanza ni ndimi zetu. Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kupachikana majina mabaya. Kila mmoja wetu alitafute lile jina la kejeli analolitumia, na aliache kuanzia leo. Mzazi akilisikia kwa mtoto wake, amrudi.

La pili ni simu zetu. Likija jina la mtu kwamba kafanya uovu, usilipitishe mpaka ujue. Uongo uliouvamia msikiti wa Southport ulipita katika mikono ya watu wa kawaida kama sisi.

La tatu ni mikataba yetu. Mwenye nyumba ampangishe anayelipa na mwenye tabia njema. Mwenye kumwajiri mtu amlipe ujira wake kwa wakati, awe Mpemba au Msukuma, Muislamu au Mkristo. Mtume ametuonya kwamba anayemdhulumu asiyekuwa Muislamu tuliyefunga naye ahadi ya amani, yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wake Siku ya Kiyama. Nani kati yetu anataka siku ile Mtume awe upande wa pili wa kesi yake?

La nne ni siasa zetu. Tulionjeshwa suluhu mwaka 2009, viongozi wa vyama viwili walipokaa pamoja. Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa hiyo tunaweza. Mgombea akija mtaani, awe wa chama chochote, akianza kuwataja watu kwa asili zao ili apate makofi, asiyapate. Mpe salamu, mnyime makofi. Na msiba ukitokea, twende, bila kuuliza marehemu alipiga kura wapi.

La tano ni watoto wetu walio nje. Tuwaombee, na tuwausie wawe majirani wema, wafuate sheria, wazidai haki zao kwa njia za sheria, wasijifungie wala wasiwachukie watu wa nchi zile kwa makosa ya wachache. Na dua yetu kwao itakuwa na uso mbele ya Mwenyezi Mungu pale sisi tutakapokuwa tumemtendea haki mtoto wa mwenzetu aliyeko hapa.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kusimamia uadilifu ijapokuwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Zisafishe nyoyo zetu na kiburi cha ukoo na asili. Warehemu wote waliokufa katika fitina za nchi hii, wawe wa upande gani, na uwape subira waliobakia na majonzi yao. Walinde Waislamu walio wachache popote walipo, na uwalinde walio wachache mbele yetu na shari zetu. Wape viongozi wetu hekima ya kuunganisha, na utupe sisi ujasiri wa kuwakatalia wanapotaka kututenganisha. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote.

Amin, amin, ya Rabbal-alamin. Simameni kwa Sala, Allah akurehemuni.